Nina asilimia 70 ya ulemavu wa jeshini, kazi siwezi tena, TDIU nimekataliwa. Nimekosea wapi?

#1 Dereva_wa_Misafara (Texas)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wenye uzoefu na fidia za VA, idara ya maveterani ya Marekani, mnisaidie.

Mimi ni Mtanzania. Niliingia jeshi la Marekani 2010 kupitia MAVNI, ule mpango uliochukua wageni wenye lugha walizozihitaji, Kiswahili kikiwemo. Kazi yangu ilikuwa kuendesha malori. Afghanistan, 2012, gari la mbele yetu lilikanyaga bomu, letu likapinduka. Nilitoka hai, lakini mgongo haukurudi kuwa ule niliozaliwa nao, na usingizi ulibaki kulekule.

Niliaga 2015. Nimepewa PTSD (kiwewe cha vita) 50, mgongo 20, goti 10, mlio wa masikio 10. Jumla wameandika 70. Niliendesha lori la masafa marefu hadi 2021 nikaacha. Nikajaribu ghalani, miezi minne. Nikajaribu ulinzi wa usiku, wiki sita. Tangu hapo niko nyumbani.

Mwaka huu nikaomba TDIU, ile fidia ya kulipwa kiwango cha 100 kama majeraha ya jeshini yamekutoa kazini. Barua imekuja wiki iliyopita: ushahidi hauonyeshi kwamba siwezi kupata na kudumu kwenye kazi ya kuniingizia kipato. Kwa viwango vya 2025, bila kuhesabu wategemezi, asilimia 70 ni dola 1,759 kwa mwezi na 100 ni dola 3,831. Kwangu hiyo tofauti ni kodi ya nyumba na chakula cha watoto watatu.

Nimekosea wapi? Nawasilisha.

#2 Mlima_Meru

Pole sana mkuu. Ila anza na hesabu. 50 na 20 na 10 na 10 ni 90. Wamekupunja 20 nzima!

#3 Sajini_Nakuru (Georgia)

Mlima_Meru, hapana. VA hawajumlishi kama dukani. Wanaanza na mtu mzima wa 100. PTSD 50 inachukua nusu, anabaki mtu wa 50. Mgongo unachukua asilimia 20 ya hiyo 50 iliyobaki, yaani 10, sasa ulemavu ni 60. Goti linachukua asilimia 10 ya 40 iliyobaki, inakuwa 64. Masikio asilimia 10 ya 36, inafika 68 baada ya kukadiria. Halafu wanasogeza kwenye kumi iliyo karibu: 70. Hesabu ya kaka yetu iko sawa. Inauma, lakini iko sawa.

#4 Mtoto_wa_Bandarini

Mimi nilivyoelewa TDIU inataka ugonjwa mmoja wenye 60. Yeye mkubwa wake ni 50. Hapo ndipo alipokwama, hakuna haja ya uzi mrefu.

#5 Sajini_Nakuru

#4 umeshika nusu ya kanuni. Milango ni miwili. Ulemavu mmoja tu: uwe 60 au zaidi. Zaidi ya mmoja: jumla 70, na mmoja kati yake uwe angalau 40. Dereva ana 70, na PTSD yake ni 50. Amepita. Na hata asiyefikisha, kanuni ya 4.16(b) inaruhusu dai lake lipelekwe kwa mkurugenzi wa fidia liangaliwe kipekee. Ni njia ndefu ila ipo.

Kwa hiyo asilimia siyo sababu. Tutafute kwingine.

#6 Mwanakwetu_MN (Minnesota)

Dereva, kwenye ile fomu 21-8940 uliandika nini pale wanapouliza kama unafanya kazi yoyote sasa?

#7 Dereva_wa_Misafara

Niliandika ukweli. Mke wangu ana duka dogo la vyakula vya nyumbani: unga wa sembe, dagaa, majani ya chai, mihogo ya kugandisha. Nakaa nalo saa mbili tatu anapokwenda kuchukua watoto. Hanilipi. Kuna siku nafunga mlango nakwenda kulala stoo kwa sababu wateja wawili wameingia kwa pamoja.

#8 Mwanakwetu_MN

Basi ndiyo hiyo. Wameona neno "duka", wamekuhesabu mfanyabiashara. Shemeji yangu alipata hayohayo kwa sababu ya kuchoma nyama kwenye sherehe za watu wikendi.

#9 Sajini_Nakuru

Inawezekana mwamuzi aliona hivyo, lakini sheria haisemi hivyo. Kipato kikiwa chini ya kiwango cha umaskini cha mtu mmoja kinachotolewa na ofisi ya sensa, ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola elfu 15 na ushee kwa mwaka, hiyo ni kazi ya pembeni na haikuzuii kupata TDIU. Na hata ukizidisha hapo, kama ni mahali unapolindwa, biashara ya familia ikitajwa waziwazi kwenye kanuni, bado inaweza kuhesabiwa kuwa ya pembeni. Mtu anayefunga duka akalale kwa sababu wateja wamekuwa wawili, ni mwajiri gani mwingine angemvumilia? Ulieleza hilo la kulala stoo kwenye fomu?

#10 Dereva_wa_Misafara

Hapana. Niliandika tu "nasaidia dukani kwa mke".

#11 Nesi_wa_Usiku (Ohio)

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi sikuwa jeshini, mume wangu ndiye, na dai lake nimelibeba mimi miaka mitatu. Kaka Dereva, nieleze ulivyoingia kwa daktari wa uchunguzi wa fidia. Tangu mlangoni. Ulivaa nini, alikuuliza nini, ulimjibu nini.

#12 Dereva_wa_Misafara

Dada, nilivaa suti. Mke alinipigia pasi shati jeupe. Nilifika nusu saa kabla. Daktari akauliza habari za leo, nikamwambia nzuri, nashukuru. Akauliza usingizi vipi, nikasema siyo mbaya sana. Akauliza kama nina marafiki, nikasema nasali na watu wengi. Akauliza kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nikasema hapana.

Hilo la mwisho halikuwa kweli kwa mwaka 2021. Sikuweza kulitamka mbele ya mtu nisiyemjua, tena binti mdogo kama mwanangu wa kwanza. Sasa hivi niko salama wakuu, msiogope, naonana na mshauri kila wiki mbili.

#13 Nesi_wa_Usiku

Asante kwa kusema. Asante sana.

Sasa nikwambie alichoandika, maana nimezisoma ripoti hizo hadi nimezikariri: "Amevaa nadhifu. Anashirikiana. Anasema anajisikia vizuri. Usingizi si mbaya. Anahudhuria ibada, ana mahusiano ya kijamii." Mwamuzi wa dai hajawahi kukuona. Anasoma karatasi hiyo. Kwenye karatasi hiyo wewe ni mtu wa kuajiriwa kesho asubuhi.

Sisi tumelelewa hivi. Mtu yuko kitandani hajainuka siku tatu, ukimwamkia "hujambo" anakujibu "sijambo", kisha ndiyo anakwambia anaumwa. Kwetu sijambo ni heshima, inamfungulia mlango mgeni, habari zenyewe zinafuata baadaye. Yule daktari aliipokea kama matokeo ya kipimo. Na wewe ukamaliza saa nzima bila kufika kwenye "ila".

Mume wangu alifanya hayohayo mara mbili. Ya tatu nilimwambia: ukiulizwa habari, jibu habari ya siku yako mbaya kuliko zote mwezi huu. Usiongeze chumvi hata punje. Ila usipunguze.

#14 Mtoto_wa_Bandarini

Dada Nesi umeandika jambo la kweli, lakini sikubali kwamba salamu peke yake inaangusha dai. Daktari amesomea kazi yake, anajua watu wanasema "nzuri" kwa mazoea, Wamarekani wenyewe wanasema. Nadhani kilichomwangusha ni sehemu ya mgongo. Wakiandika kwamba mtu anaweza kazi ya kukaa ofisini, dai linakufa hapo. Dereva una elimu gani?

#15 Dereva_wa_Misafara

Diploma ya uhasibu, Dar, 2004. Sijawahi kuitumia hata siku moja.

#16 Mtoto_wa_Bandarini

Umeona! Elimu na historia ya kazi wanaruhusiwa kuziangalia. Mwamuzi anasema: mgongo unamzuia lori, sawa, lakini akae ofisini apige hesabu.

#17 Nesi_wa_Usiku

Akae ofisini na PTSD ya 50? Aliyeacha ulinzi wa usiku baada ya wiki sita kwa sababu ya kila mlango unaobamizwa? Ndiyo maana lazima majeraha yaangaliwe kwa pamoja. Mgongo unamkataza kazi ya nguvu, kichwa kinamkataza kazi ya watu na utulivu. Ukivitenganisha, kila kimoja kinaonekana kinaacha kazi fulani. Ukiviunganisha hakuna kilichobaki.

#18 Chuma_Hakiozi

Samahani nitasema ambalo wengi mnalificha. Kuna watu wanaumwa migongo na wanabeba zege kila siku. Baba yangu alilima ekari mbili na mguu mmoja unamwuma hadi anakufa. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu anakaaje nyumbani anasubiri hela ya serikali?

#19 Mjukuu_wa_Keya (Songea)

Chuma, nakujibu kwa upole kwa sababu umemtaja baba yako.

Babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma 1944, kwenye bonde la Kabaw, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alirudi na kipande cha chuma kwenye paja. Naye alilima na mguu unaouma hadi anakufa, na kijijini walimsifu kama unavyomsifu baba yako. Lakini bibi alinieleza alivyokuwa akilia usiku akidhani watoto wamelala. Alilipwa pesa za mkupuo aliporuhusiwa kuondoka jeshini, akanunua baiskeli na bati chache, basi. Mwaka 2019 waandishi waliibua hati za Uingereza zinazoonyesha askari mweupe alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo hichohicho. Mwaka mmoja kabla yake serikali hiyo ilitangaza msaada wa karibu pauni milioni 12 kwa wazee wa jeshi wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika dhiki. Babu alikuwa kaburini miaka 31.

Babu alilima kwa sababu hakuna aliyempa njia nyingine. Huyu ndugu yetu anayo haki iliyoandikwa kwenye sheria, ameilipia kwa mwili wake. Mwache aidai.

#20 Chuma_Hakiozi

Nimekuelewa mjukuu. Baba yangu hakuwa askari, nililinganisha vitu viwili tofauti. Dereva nisamehe kwa lile la "kusubiri hela". Ila swali langu lingine nalishikilia: hii hela ikianza kuja, haimzuii mtu kujaribu tena akipata nafuu?

#21 Sajini_Nakuru

Swali zuri, na jibu ni hapana. Ukipata TDIU halafu ukaajiriwa, hawakukatii kwa sababu ya kuajiriwa tu. Lazima uwe umedumu kwenye kazi hiyo miezi 12 mfululizo. Ni vizuri watu walijue, maana wengi wanaogopa hata kujaribu.

#22 Mwanakwetu_MN

Turudi kwa Dereva jamani. Kuna ile fomu 21-4192 wanayotumiwa waajiri wako wa zamani waeleze ulivyoondoka. Kampuni ya lori ilijibu nini?

#23 Dereva_wa_Misafara

Nimeangalia barua sasa hivi. Imetajwa. Walijibu kwamba niliacha mwenyewe kwa "sababu za kifamilia".

Na ni mimi niliyewaambia hivyo. Nilishindwa kumwambia msimamizi kwamba nilisimamisha lori kando ya barabara kuu usiku, New Mexico, nikakaa chini ya trela kwa muda wa saa nne kwa sababu tairi lilipasuka. Nikaona afadhali nionekane mtu mwenye matatizo ya nyumbani kuliko mgonjwa wa akili.

#24 Mwanakwetu_MN

Natoa hoja yangu ya #8, siyo duka. Ni hili. Karatasi ya mwajiri inasema familia, yako inasema PTSD. Mwamuzi amechagua ya mwajiri.

#25 Nesi_wa_Usiku

Karatasi ya mwajiri inasema familia, karatasi ya daktari inasema nzuri nashukuru. Kwangu mzizi ni mmoja.

#26 Tabibu_Kisumu

Mnasahau jambo. Dereva, una ugonjwa mwingine ambao si wa jeshini?

#27 Dereva_wa_Misafara

Kisukari, tangu 2020. Hakijahusishwa na jeshi.

#28 Tabibu_Kisumu

Basi soma barua vizuri. Mara nyingi wanaandika kwamba kinachokuzuia ni huo ugonjwa mwingine. Na pia umri, ukiwa umevuka 45 wanakuona umechoka tu kiumri.

#29 Sajini_Nakuru

Tabibu, la kisukari linawezekana kabisa, maana TDIU inaangalia majeraha ya jeshini peke yake. Lakini umri, hapana. Kanuni inawakataza kuutumia, uwe na 30 au 80. Kama barua imetaja umri, hiyo ni kasoro ya kuikatia rufaa siku hiyohiyo.

Na Dereva, hicho kisukari kipeleke upande wa pili: SSDI ya hifadhi ya jamii. Kule wanahesabu maradhi yote, ya jeshini na yasiyo ya jeshini, mradi una pointi za kazi za kutosha, kwa kawaida miaka mitano ya kuchangia ndani ya kumi kabla ya kuacha. Umeacha 2021, usichelewe. Ukipata zote mbili unalipwa zote mbili, hazikatani. SSI, ile ya wenye kipato kidogo, ndiyo inayopunguzwa na fidia ya VA.

#30 Fidia_Haraka

Mkuu Dereva njoo inbox. Timu yetu inakuandalia dai lote, unalipa tu ongezeko la miezi mitano ukishinda. Uhakika.

#31 Sajini_Nakuru

Dereva usiende inbox. Anayekuandalia dai la VA lazima awe ameidhinishwa na VA, na kwa dai la kwanza hakuna anayeruhusiwa na sheria kukutoza hata senti. Wakili aliyeidhinishwa anaruhusiwa kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, kwa kawaida asilimia 20 ya malimbikizo, na makubaliano yanaandikwa. Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa wanaofanya kazi hii bure. Fidia_Haraka, tuandikie hapa uidhinishwaji wako kila mtu auone.

#32 Mlima_Meru

Saa sita zimepita, Fidia_Haraka kimya. Mods mwangalieni huyu.

#33 Dereva_wa_Misafara

Nashukuru wote. Sasa nifanye nini, kwa mpangilio? Kichwa kimejaa.

#34 Sajini_Nakuru

Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Ukiwahi ndani yake, unalinda tarehe ya dai lako la mwanzo, na malimbikizo yanahesabiwa tangu hapo. Njia ni tatu tangu 2019: kumwomba afisa wa juu apitie upya, ila hapo huruhusiwi ushahidi mpya; dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika, fomu 20-0995; au bodi ya rufaa. Kwa ulivyoeleza, wewe shida yako ni ushahidi haukuwepo, kwa hiyo ni ile ya pili.

Kabla ya kutuma chochote ipate ripoti ya daktari. Mwakilishi wa chama anaweza kuiona kwenye faili lako, au iombe mwenyewe kwa fomu 20-10206. Ukijaza bila kuisoma unapiga gizani. Halafu mshauri wako wa kila wiki mbili aandike, kwa maneno ya kazi: anaweza kukaa saa ngapi, angekosa siku ngapi kwa mwezi, nini kinatokea akisahihishwa na msimamizi. "Ana PTSD kali" haitoshi, wanajua tayari.

#35 Mwanakwetu_MN

Ongeza ile programu ya VA ya kuwarudisha maveterani kazini. Nenda ukaiombe kwa nia njema. Wakikupima wakasema haiwezekani kwa sasa kukurudisha, barua hiyo ni ushahidi mzito, imetoka kwao wenyewe.

#36 Pwani_Tanga

Naomba nichepuke kidogo. Mtu akipata hii TDIU anaweza kuhamia nyumbani? Dola 3,800 Tanga ni maisha mengine kabisa.

#37 Sajini_Nakuru

Anaweza. Fidia ya VA inakufuata popote. Matibabu ya majeraha ya jeshini yanalipiwa kupitia mpango wao wa nje ya nchi, ila ya kisukari chake yasiyohusiana ni juu yake. SSI husimama ukikaa nje siku 30. Ningemshauri amalize rufaa kwanza akiwa karibu na mwakilishi wake.

#38 Pwani_Tanga

Asante Sajini. Dereva, ukija kuna upepo wa bahari na hakuna barabara kuu ya New Mexico.

#39 Nesi_wa_Usiku

Kaka, moja la mwisho kutoka kwangu. Mkeo. Kuna fomu ya ushuhuda, 21-10210, mtu anayekufahamu anaandika aliyoyaona. Yeye ndiye aliyeona unafunga duka. Yeye ndiye anayejua umelala saa ngapi. Mwombe aandike peke yake, wewe usikae chumbani, na usimsomee juu ya bega.

#40 Mtoto_wa_Bandarini

Mimi bado nasema ni ile kazi ya kukaa na diploma yako. Ushuhuda wa mke ni mzuri, lakini bila mtaalamu wa ajira kuandika kwamba uhasibu hauwezi, watarudi na jibu lilelile.

#41 Tabibu_Kisumu

Na mimi kisukari sijakiachia. Subirini ripoti.

#42 Dereva_wa_Misafara

Mrejesho wakuu. Ripoti nimeiomba. Kesho naonana na mwakilishi wa chama.

Mke alianza kuandika jana usiku jikoni. Nilifanya kama dada Nesi alivyosema, nikakaa nje kwenye gari. Leo asubuhi amenipa nisome. Ana kurasa nne. Ameandika kwamba tangu 2016 analala upande wa mlangoni kwa sababu mimi nikishtuka usiku napiga kwa mkono wa kulia. Ameandika tarehe ambazo nilimwita kwa jina la mwenzetu aliyefia kwenye gari la mbele. Sikujua kama alikuwa akiziandika mahali. Ananiuliza kama apunguze, anaona ni nyingi mno kwa wageni kusoma.

#43 Nesi_wa_Usiku

Asipunguze hata mstari. Aweke sahihi na tarehe, mpige nakala kabla ya kutuma.